Guanajuato kwa Miguu: Ukipotea, Shuka

Guanajuato, mji wa Meksiko, umejengwa ndani ya korongo. Waliofika karne ya 16 walikuwa wanafuata fedha iliyojificha kwenye miamba, hawakuwa wanatafuta uwanda wa kujenga. Mji ukajipanga kando ya mto uliopita chini ya korongo, kisha ukapanda milima pande zote mbili kadiri watu walivyoongezeka. Hutakuta hapa mitaa iliyonyooka na kukatana kwa pembe mraba kama ile ambayo Wahispania waliipima katika miji ya Puebla na Oaxaca. Utakuta barabara chache zinazopinda na mto, na juu yake mamia ya vichochoro vya ngazi ambavyo gari haliwezi kuingia.

Kwa sababu hiyo, nikiulizwa mji mmoja wa Meksiko wa kutembea kwa miguu, jibu langu ni huu. Na kwa sababu hiyohiyo wageni wengi huuchoka siku ya kwanza. Wanaingia wameshika simu, wanafuata mstari wa buluu, na baada ya nusu saa wako juu mlimani, pumzi zimewaishia, nukta yao kwenye ramani inaruka kutoka paa hili hadi lile. Ramani ya simu huuonyesha mji kana kwamba umelala, ilhali Guanajuato umesimama. Nyumba mbili zinazogusana kwenye skrini zinaweza kutenganishwa na ngazi mia moja, na barabara inayoonekana kukatana na nyingine huenda inapita chini yake, ndani ya handaki.

Dawa ni kanuni moja: ukipotea, shuka. Maji yote ya milima hii yalikuwa yanateremkia mto mmoja, na watu wamefuata njia ya maji. Karibu kila kichochoro, ukikishuka hadi mwisho, kinakutua kwenye barabara ya chini, na barabara hiyo ukishaijua hupotei tena. Mengine yote katika makala haya yanajengwa juu ya hilo.

Kabla ya kufika

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Meksiko, na ubalozi wa nchi hiyo kwa upande wetu uko Nairobi. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui: mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, au hati ya ukaazi wa kudumu katika nchi hizo, huruhusiwa kuingia kama mtalii bila viza ya Meksiko. Waswahili walioko Houston, Toronto au London wanaweza kutumia njia hii. Hata hivyo, thibitisha na ubalozi kabla ya kulipa tiketi, maana masharti ya viza hubadilika. Mtalii anaweza kupewa hadi siku 180, lakini ofisa wa uhamiaji ndiye anayeamua idadi. Angalia siku alizokuandikia ukiwa bado mbele ya dirisha lake.

Anayetoka Afrika Mashariki awe mwangalifu na njia ya ndege. Kubadilisha ndege Marekani kunahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa sababu kule abiria wa kupita huingizwa nchini kama wengine. Tiketi ya bei rahisi kupitia Houston au Miami inaweza kukuacha kwenye kaunta ya Nairobi.

Jimbo na mji mkuu wake vina jina moja, na hapo ndipo makosa ya kukata tiketi yanapotokea. Uwanja wa ndege wenye herufi BJX uko karibu na Silao, kilomita kama 30 kutoka mjini, na tiketi nyingi huuandika León au Bajío. Ukitua hapo, nunua tiketi ya teksi iliyoidhinishwa kwenye kibanda kilicho ndani ya jengo, lipa humo humo, kisha mpe dereva karatasi yako.

Wengi hufika kwa basi kutoka Mexico City, na mimi naipenda njia hii zaidi. Mabasi hutoka Terminal de Autobuses del Norte, safari ni ya saa tano hivi. Kutoka uwanja wa ndege wa Mexico City hadi stendi hiyo kuna treni ya Metro, Laini ya 5, bila kubadilisha: unapanda kituo cha Terminal Aérea, unashuka Autobuses del Norte. Utahitaji kadi ya usafiri inayojazwa pesa. Ukiwa na mzigo mkubwa, au ukitua saa ambazo watu wanakwenda au kutoka kazini, chukua teksi, kwa sababu behewa hujaa hadi mlango haufungi. Kwenye dirisha la tiketi sema wazi kwamba unakwenda Guanajuato mjini, kwa kuwa mabasi mengi ya upande ule huishia León, mji mwingine kabisa na mkubwa zaidi. Ndani ya basi kuna baridi kali ya kiyoyozi, kwa hiyo sweta isikae kwenye buti.

Kuhusu usalama nitasema lililo kweli. Jimbo la Guanajuato limekuwa na mauaji mengi ya magenge katika miaka ya karibuni, hasa upande wa Celaya, Salamanca na Irapuato. Mji mkuu wenyewe, wenye chuo kikuu na watalii wengi wa Kimeksiko, ni mtulivu kuliko maeneo hayo. Safiri mchana, panda mabasi ya daraja la kwanza yanayopita barabara ya kulipia, na usishuke njiani kwenye mji usioujua.

Mzigo nao una sheria yake. Sanduku la magurudumu halifai hapa. Vichochoro vimetandikwa mawe yasiyo sawa, na magurudumu madogo hukwama kila hatua au hung'oka. Begi la mgongoni ndilo linalofaa. Kabla hujalipia chumba, mwulize mwenyeji swali moja ambalo tangazo la chumba halilijibu: kutoka mahali teksi inaposimama hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Picha yenye mandhari ya mji mzima ina maana ya ngazi nyingi, kila siku, kila unaporudi. Chumba kinachotazama bustani ya Jardín de la Unión hakina ngazi, ila kina muziki hadi usiku wa manane. Mahali pazuri, kwa maoni yangu, ni pembeni ya Plazuela San Fernando au Plaza del Baratillo: karibu na kila kitu, na usingizi unapatikana.

Kuingia mjini

Stendi kuu ya mabasi iko nje ya mji, kusini-magharibi. Nje ya mlango wake kuna mabasi madogo ya mjini yenye neno Centro kwenye kioo cha mbele. Nauli ni sarafu chache, na noti ya peso 500 haitakusaidia kitu. Vunja noti zako stendi, kwa kununua maji. Alama ya $ unayoiona kila mahali ni peso, si dola, usishtuke. Mwambie dereva: *¿Me avisa en el Mercado Hidalgo, por favor?* Atakuambia mkifika.

Kabla ya kufika, basi litazama ardhini. Hapa ndipo mgeni anapochanganyikiwa, kwa hiyo ni vizuri kuelewa kinachotokea. Mto ule wa chini ya korongo ulikuwa unafurika na kuua watu. Mafuriko ya mwaka 1905 yalikuwa mabaya mno, na mahandaki ya kuyageuza maji, kazi ya injinia Ponciano Aguilar, yakaupeleka mto mbali na katikati ya mji. Kitanda cha mto kikabaki kikavu chini ya nyumba. Katika miaka ya 1960 wakakigeuza kuwa barabara ya magari, na ndiyo leo inaitwa La Subterránea: kuta za mawe, matao, misingi ya nyumba ikining'inia juu ya kichwa cha dereva. Mahandaki mengine yakaongezwa baadaye, mengine yakiwa na makutano humo humo ndani. Magari yakashuka chini, na juu pakabaki kwa watu.

Mji pia umejiinua juu ya mafuriko yake. Chini ya kanisa la San Diego, pale Jardín de la Unión, kuna jumba dogo la makumbusho linaloonyesha mabaki ya nyumba ya watawa iliyozikwa mji ulipopandishwa. Ukishuka humo unaona kwa macho kwamba barabara unayotembea leo iko juu kabisa ya barabara ya zamani.

Kuna vituo vya basi ndani ya mahandaki. Ukishushwa humo usitembee kufuata handaki ukitafuta mwanga. Njia ya miguu ni nyembamba, moshi ni mwingi, na simu haishiki satelaiti. Tafuta ngazi iliyo karibu, panda, kisha simama hapo juu hadi ujue uko wapi. Nukta ya simu huchukua dakika moja au mbili kurudi mahali pake. Anayeanza kutembea kabla haijatulia huenda upande usio wake. Usiku, mahandaki ni ya magari, na mtu wa miguu hana shughuli humo.

Uti wa mgongo

Siku ya kwanza usipande popote. Tembea barabara ya chini tu, kutoka mwisho hadi mwisho. Anzia Mercado Hidalgo, soko la chuma na kioo lenye mnara wa saa, lililofunguliwa mwaka 1910, enzi ya Rais Porfirio Díaz, kwa sherehe za miaka 100 ya kuanza kwa vita vya uhuru. Ligeuzie soko mgongo, ufuate Avenida Juárez kuelekea mashariki. Utapita Jardín Reforma na, hatua chache kando, Plazuela San Fernando na San Roque. Utafika Plaza de la Paz yenye basilika ya rangi ya njano iliyokolea. Endelea, barabara inabadilisha jina lakini ni ileile, hadi Jardín de la Unión, bustani ya pembetatu yenye miti iliyokatwa ikashikana kama dari. Mkabala ni ukumbi wa maonyesho, Teatro Juárez, uliofunguliwa 1903, nguzo mbele na sanamu za miungu ya sanaa juu ya paa. Kutoka hapo Calle Sopeña inakupeleka kanisa la San Francisco. Kutoka soko hadi bustani ni dakika kumi hadi kumi na tano kwa mwendo wa kawaida. Ni mji mdogo kuliko unavyoonekana.

Barabara ya pili ya kuijua ni Positos, inayokwenda sambamba upande wa kaskazini, juu kidogo, kutoka Alhóndiga, ghala la zamani la nafaka, hadi chuo kikuu. Nyumba namba 47 ndipo alipozaliwa mchoraji Diego Rivera mwaka 1886, na sasa ni makumbusho. Ukizijua hizi mbili, ile ya chini na Positos, umeushika mji. Vilivyobaki ni vichochoro vinavyoziunganisha au kupanda kutoka kwazo.

Una pia dira mbili zinazoonekana karibu kila mahali. Kilima cha kusini kina sanamu kubwa ya mtu aliyeinua mwenge, El Pípila, iliyosimamishwa 1939. Upande wa kaskazini kuna jengo jeupe la chuo kikuu lenye ngazi pana ndefu mbele. Pípila akiwa kushoto kwako, kwa jumla unaelekea magharibi, sokoni. Akiwa kulia, unaelekea Teatro Juárez na kupandisha mto. Inatosha hiyo, hata simu ikiisha chaji.

Vichochoro

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atadhani anaujua mchezo huu, na kwa sehemu ni kweli: kuta zinazokaribiana, kivuli mchana, sauti za majiko madirishani. Tofauti ni mwinuko. Guanajuato iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Dar au Mombasa ataishiwa pumzi siku mbili za kwanza hata akiwa kijana mwenye mazoezi. Panda polepole, hatua fupi, na simama kabla hujalazimika kusimama. Hewa ni kavu, hivyo jasho hukauka bila wewe kuliona. Kunywa maji hata kama husikii kiu. Jua la mwinuko huu huchoma ingawa upepo ni wa baridi. Desemba na Januari usiku hudai koti.

Chunguza kichochoro kimoja kwa karibu kabla hujakipanda. Mawe ya katikati yamekanyagwa hadi yakang'aa. Ya pembeni, karibu na ukuta, bado yana mikwaruzo na hushika kiatu. Wakati wa kushuka, kanyaga pembeni, geuza mwili kidogo, mkono mmoja karibu na ukuta au bomba la chuma. Asubuhi wenye nyumba humwaga maji ya sabuni na kufagia mlangoni, na hapo jiwe linalong'aa huteleza vibaya. Mvua huja Juni hadi Septemba, mara nyingi alasiri, na kichochoro hugeuka mfereji kwa nusu saa. Usishindane nayo. Ingia dukani au kanisani, ngoja ipite. Kiatu kiwe na soli ya mpira isiyo ngumu, inayoshika. Soli ngumu ya ngozi iache nyumbani.

Si kila kichochoro kinatoboa. Vingine hupanda vizuri, vikapinda, vikaishia mlangoni kwa mtu. Dalili ni hizi: waya na mabomba yote yanageukia nyumba moja, hakuna anayeshuka na kapu, mbwa wa darini anabweka kwa bidii. Mbwa hao wa kwenye mapaa wanatisha kwa sauti tu, wengi hawana njia ya kukufikia. Ukikutana na mtu, salimia kwanza. *Buenos días* hadi adhuhuri, *buenas tardes* baada ya hapo. Huku ni ustaarabu wa lazima kama kwetu, na anayeuliza njia bila salamu hujibiwa kwa kifupi. Ukimpita mtu panapobana sema *con permiso*; ukipita karibu na wanaokula, *provecho*. Watu wa hapa hukupa maelekezo kwa ukarimu hata kama wenyewe hawana uhakika, kwa hiyo uliza wawili.

Kichochoro maarufu kuliko vyote ni Callejón del Beso, karibu na Plazuela de los Ángeles. Upana wake mahali pembamba ni sentimita 68, na roshani mbili za pande zote karibu zinagusana. Hadithi yake ni ya binti wa tajiri na kijana mchimba madini waliokuwa wakikutana roshanini, hadi baba akawagundua. Wapenzi hubusiana kwenye ngazi ya tatu ili wapate miaka saba ya bahati. Wikiendi kuna foleni ndefu, nenda asubuhi. Kwa kweli vichochoro vya nyuma ya Baratillo, kupanda kuelekea Mexiamora, ni vizuri zaidi kutembea, na hakuna anayekusukuma.

Kupanda kwa Pípila kunafaa siku ya pili. Njia rahisi kuikumbuka ni Callejón del Calvario, inayotoka Sopeña karibu na teatro. Tenga dakika 20. Wasioweza ngazi wana gari la reli linalovutwa kwa kamba nyuma ya Teatro Juárez, linalofanya kazi tangu 2001. Ushauri wangu: panda kwa gari hilo, shuka kwa miguu, maana mgeni huchoka zaidi kwa kupanda kuliko anavyotarajia, na kwa kushuka unauona mji ukikujia polepole. Ukiwa juu, tafuta uti wa mgongo uliotembea jana: basilika ya njano, paa la teatro, mnara wa soko upande wa magharibi. Dakika kumi za kuzitazama zitakusaidia kuliko ramani yoyote ya karatasi. Shuka kabla giza halijaingia.

Pípila ni nani? Jibu lake liko ng'ambo, kwenye Alhóndiga de Granaditas, ghala kubwa la nafaka lililokamilika 1809. Tarehe 28 Septemba 1810 jeshi la padre Miguel Hidalgo, aliyeanzisha vita vya uhuru, liliingia mjini, na Wahispania wakajifungia humo pamoja na mali zao. Inasimuliwa kwamba mchimba madini aliyeitwa Pípila alijifunika bamba la jiwe mgongoni kujikinga na risasi, akatambaa hadi mlangoni na kuuchoma moto. Ghala likatekwa, na waliokuwa ndani wakauawa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Hidalgo mwenyewe: alikamatwa na kuuawa kwa risasi, na kichwa chake pamoja na vya wenzake Allende, Aldama na Jiménez vikaning'inizwa kwenye pembe nne za jengo hili hadi 1821. Pembe zile bado zina majina yao. Ndani kuna makumbusho na michoro ya ukutani ya José Chávez Morado ngazini. Jumatatu hufungwa, kama makumbusho mengi ya nchi hii.

Kuna historia nyingine ambayo mabango ya mjini huitaja kidogo sana. Miongoni mwa waliochimba fedha hii walikuwamo Waafrika walioletwa kwa nguvu kama watumwa. Hidalgo alitangaza kukomesha utumwa akiwa Guadalajara, Desemba 1810. Meksiko iliwatambua rasmi raia wake wenye asili ya Afrika katika katiba mwaka 2019, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni mbili na nusu. Jamii zao zinazojulikana zaidi ziko pwani na kusini, si hapa, kwa hiyo msomaji mwenye ngozi nyeusi atatazamwa, na mara nyingine ataombwa picha. Ataitwa *moreno* au *morena*, aghalabu bila nia mbaya. Ni halali kabisa kukataa picha kwa tabasamu.

Kula

Ratiba kwanza. Mlo mkubwa ni kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Mgahawa unaoandika *comida corrida* hukupa supu, wali au tambi, kitoweo, maharage, tortilla (chapati nyembamba) za moto na glasi ya kinywaji kwa bei moja. Ukichelewa, vitoweo vizuri vimekwisha. Ndani ya Mercado Hidalgo na katika soko dogo la Gavira lililo jirani kuna safu za wapishi. Wote watakuita kwa sauti. Zunguka mara moja bila kukaa, kisha keti penye wenyeji wengi na sufuria inayochemka.

Agiza *enchiladas mineras*, chakula cha wachimba madini wa hapa. Mpishi huchovya tortilla ya mahindi kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili kavu ya guajillo, anaitupa kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache kila upande, anajaza jibini nyeupe iliyovunjwavunjwa na kitunguu, anakunja. Juu yake huja viazi na karoti zilizochemshwa kisha kukaangwa kwenye mafuta yaleyale mekundu, halafu saladi, na kipande cha kuku ukitaka. Guajillo haichomi sana. Ile ya bakuli la mezani ndiyo ya kuonjwa kwanza kwa ncha ya kijiko.

Kwa Mwislamu, hili ni la muhimu: mafuta ya nguruwe yako mahali usipoyatarajia. Maharage ya kukaanga, tamale (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke) na tortilla za ngano mara nyingi huwa nayo, hata kama hakuna nyama sahanini. Swali ni *¿Lleva manteca?* na kama jibu ni ndiyo, uliza kama wanaweza kukupikia kwa *aceite*, mafuta ya mimea. Usiulize tu kama kuna nyama, maana utajibiwa hapana kwa moyo safi. Tortilla za mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa tu. Mayai, mahindi ya kuchemsha, matunda yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili, ni salama na vitamu. Kinywaji chekundu kiitwacho *agua de jamaica* ni choya, na *tamarindo* ni ukwaju, utajiona nyumbani.

Maji ya bomba usinywe. Tumbo likiharibika, duka la dawa lina *suero oral*, maji ya chumvi na sukari ya chupa. Choo cha kulipia huhitaji sarafu, na karatasi hutupwa kwenye ndoo iliyo pembeni, si ndani ya bakuli.

Nje ya katikati

Baada ya siku mbili za ngazi, miguu itashukuru kwa njia ya karibu tambarare. Fuata Paseo de la Presa kupandisha mto hadi Presa de la Olla, bwawa la karne ya 18, kilomita mbili na nusu hivi kutoka bustanini. Nyumba kubwa za matajiri wa zamani ziko njiani. Jumatatu ya kwanza ya Julai hufungua malango ya bwawa ili maji yasafishe njia ya mto, na mji mzima huwa hapo na chakula.

La Valenciana ni upande wa pili, juu kaskazini. Mwishoni mwa karne ya 18 mgodi huu ulikuwa miongoni mwa migodi ya fedha tajiri zaidi duniani, na kanisa lake la San Cayetano, lililokamilika 1788, lina madhabahu za mbao zilizofunikwa dhahabu hadi karibu na dari. Usipande kwa miguu: barabara ni ya lami, nyembamba, ina magari na haina njia ya miguu sehemu kubwa. Mabasi yenye neno Valenciana husimama mtaa wa Alhóndiga, juu kidogo ya ghala. Shuka kanisani, kisha mwulize dereva upande gani wa barabara unapandia kurudi.

Mwezi wa Oktoba una hesabu zake. Tangu 1972 hufanyika tamasha la Cervantino, wasanii kutoka duniani kote, na mji huu mdogo hufurika. Vyumba huisha miezi kabla na bei hupanda. Ukikosa chumba mjini, lala León au Silao na uje kwa basi asubuhi, lakini ujue saa ya basi la mwisho kabla hujakaa kusikiliza chochote. Nje ya Oktoba, muziki haukosekani: jioni, ngazini pa kanisa la San Diego, wanafunzi waliovaa majoho meusi ya Kihispania huuza tiketi za *callejoneada*, matembezi ya kuimba vichochoroni. Maneno na utani vyote ni vya Kihispania, lakini nyimbo hazihitaji mkalimani. Ukiachwa nyuma kwenye kona fulani ya juu, unajua la kufanya.